Mfalme Alifanya Hesabu Kwanza: Mahubiri ya Dominika ya 24 ya Mwaka A

Masomo: YbS 27:30–28:7, Rum 14:7-9, Mt 18:21-35



Swali la Petro katika Injili ya leo si swali la mtu mwenye moyo mgumu. Tumezoea kumwona Petro kama mtu aliyekuja na kipimo kidogo, akaaibishwa na Bwana. Lakini mara saba si haba. Yeyote aliyewahi kuishi nyumba moja na ndugu mlevi, au kushirikiana biashara na mtu asiye mwaminifu, anajua kwamba hata kusamehe mara ya tatu kunataka moyo. Petro alikwisha kwenda mbali kuliko wengi wetu. Bwana akamjibu kwa hesabu isiyohesabika, saba mara sabini, akiigeuza juu chini ile hesabu ya kale ya Lameki, yule wa uzao wa Kaini, aliyejigamba mbele ya wake zake kwamba kisasi chake kitakuwa mara sabini na saba.

Juu ya jambo hilo mmekwisha kuhubiriwa mara nyingi, wala hatuna nia ya kulirudia. Leo tunapenda tutazame pamoja nanyi jambo moja ambalo limeandikwa waziwazi katika mfano wenyewe, nasi hulipita mbio kwa hamu ya kufika penye huruma. Mfalme, kabla ya kusamehe, alifanya hesabu. Aliwaita watumishi wake, deni likasomwa, mdeni akasimama mbele yake akalisikia likitajwa kiasi chake. Baada ya hayo ndipo huruma ilipomwingia mfalme.

Tena si katika mfano huu peke yake. Mistari michache kabla ya swali la Petro, katika sura hiyohiyo ya 18, Bwana anafundisha la kufanya ndugu yako akikukosea: umwendee, umweleze kosa lake mkiwa wawili peke yenu; asiposikia, uchukue pamoja nawe mtu mmoja au wawili; na akikataa kuwasikiliza hao, jambo lifikishwe kwa kanisa. Petro aliuliza swali lake akiwa ametoka kusikia mafundisho hayo. Basi alipouliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, alikuwa akimfikiria ndugu aliyekwisha kuambiwa kosa lake uso kwa uso. Msamaha usiotaja kosa haukuwamo kabisa katika mazungumzo yale.

Makatekista mnaotusikiliza mnalijua jambo hili vizuri. Mnapowaandaa watoto kwa Kitubio cha kwanza, mnawafundisha kwamba mtoto atafute dhambi zake moyoni, azijutie, akusudie kuziacha, aziungame kwa padri, kisha atimize malipizi. Na akiwa ameiba kalamu ya mwenzake, mnamwambia airudishe. Hakuna katekista anayemwambia mtoto, "Usijisumbue kuzitaja, Mungu anazijua zote, yaliyopita si ndwele." Lakini mtoto huyohuyo akirudi nyumbani, anakuta mambo ya msamaha yakiendeshwa kwa utaratibu mwingine kabisa.

Utaratibu huo sote tunaujua. Baba mdogo ameuza kipande cha shamba la marehemu kaka yake, watoto wa marehemu wakiwa bado wadogo. Miaka inapita, watoto wanakua, wanauliza. Kikao cha ukoo kinaitwa. Wazee wanaanza kwa sala na kumaliza kwa sala, na katikati yake kunasemwa kwamba ndugu ni ndugu, kwamba marehemu asingependa kuona haya, kwamba wagombanao ndio wapatanao. Ukubwa wa kile kipande cha shamba hautajwi, wala aliyekinunua, wala fedha zilikokwenda. Kisha vijana wanaambiwa, "Mpeni baba yenu mkono." Wanampa, kwa sababu wamelelewa vizuri. Halafu katika msiba unaofuata tunashangaa kuona kwamba hawakukaa pamoja naye chini ya turubai moja! Pale kikaoni hapakuwa na aliyesamehe. Kombe lilifunikwa ili mwanaharamu apite, na mwanaharamu hakupita. Amekaa sebuleni mpaka leo.

Kuhusu ile methali ya yaliyopita na ndwele, tuna neno la kusema. Ni methali nzuri sana inapotamkwa na yule aliyeumizwa. Mjane aliyedhulumiwa akisema hivyo, huo ni ukarimu mkubwa, na malaika wamsikie. Inapotamkwa na aliyedhulumu, maana yake inakuwa nyingine: anataka afutiwe deni bila kulitazama. Tena methali yenyewe inasema habari ya kuganga, na tangu lini mganga akaganga bila kuuliza mgonjwa anaumwa wapi? Wahenga haohao ndio waliosema kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua.

Lipo jambo zito zaidi la namna hii, nasi tungekuwa waoga tukilipita. Mwanamke amepigwa na mumewe, si mara moja wala mbili. Anakimbilia kwa kiongozi wa jumuiya, usiku, na mtoto mgongoni. Kuna viongozi, wake kwa waume, ambao hapo humfungulia Injili hii ya leo. Humhesabia saba mara sabini, wakamrudisha usiku uleule, na wakalala wakiamini kwamba wametenda kazi ya upatanisho. Ndugu zetu, neno ambalo Bwana alilitoa ili kukomesha kisasi cha Lameki lisitumiwe kumfungia mtu mlango asitoroke kipigo. Mfalme wa mfano alimfutia mtumishi wake deni lote, lakini hatusomi mahali popote kwamba siku ileile alimkabidhi tena funguo za hazina. Kumsamehe mtu ni kuacha dai la kumlipiza na kumtakia mema mbele ya Mungu. Kukaa tena naye chumba kimoja ni jambo jingine, linalohitaji mtu aliyebadilika na ushahidi wa kubadilika huko. Kanisa lenyewe linajua tofauti hiyo: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1153, inamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemtia katika hatari kubwa ya roho au ya mwili. Kifungo cha ndoa hubaki. Lakini mtu hatakiwi kubaki penye hatari ya kuuawa. Katekista anayemficha mwanamke kwa usiku ule na kumpeleka asubuhi kwa paroko, au kituo cha polisi, hajaivunja Injili ya leo hata kwa nukta moja.

Wenye umri mkubwa kati yenu wanaikumbuka Jumatano ile ya tarehe 13 Mei 1981, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipopigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro, mjini Roma. Siku nne baadaye, Dominika ya tarehe 17, sauti yake iliyorekodiwa hospitalini ilisikika uwanjani na redioni. Ilikuwa sauti dhaifu. Kwa maneno machache alisema kwamba anamwombea ndugu yule aliyempiga, na kwamba amemsamehe kwa dhati. Hakungoja kuombwa radhi. Lakini pia hakusema kwamba amepatwa na ajali. Alisema kuna mtu aliyempiga, na mtu huyo akamwita ndugu. Hesabu ilifanyika ndani ya sentensi moja, na katika sentensi hiyohiyo deni likafutwa.

Tarehe 27 Desemba 1983 alimfuata Mehmet Ali Ağca katika gereza la Rebibbia, wakaketi wawili pembeni, wakazungumza kwa sauti ya chini. Picha yao ilizunguka dunia nzima. Sisi tunaomba mfikirie kilichofuata baada ya ile picha: Papa aliinuka akatoka, na mlango wa gereza ukafungwa, Ağca akiwa ndani. Alikuwa amehukumiwa kifungo cha maisha Julai 1981, na ni mwezi Juni 2000 tu ndipo Rais wa Italia alipompa msamaha, akarudishwa Uturuki kukabili kesi nyingine. Karibu miaka 19! Je, kwa miaka hiyo Papa alikuwa hajasamehe? Alikwisha kusamehe tangu siku ya nne. Msamaha ulikuwa mali yake yeye aliyejeruhiwa, akautoa mapema na bure. Hukumu ilikuwa wajibu wa mahakama, kwa ajili ya usalama wa watu wote, nayo ikachukua muda wake. Wanaofikiri kwamba Mkristo akisamehe ni lazima akaifute kesi polisi siku hiyohiyo, hasa kesi ya mtoto aliyenajisiwa, na watafakari juu ya mlango ule.

Tukisema kwamba msamaha ni mali ya aliyejeruhiwa, tunajikuta tumeingia katika mambo ya nchi zetu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, majirani zetu wa Kenya walipatwa na msiba uliowaua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha maelfu kwa maelfu makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilitiwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 28 Februari, kwa usuluhishi wa Kofi Annan, viongozi wa pande mbili walitia sahihi mkataba wa kugawana madaraka. Tulishukuru sana siku ile, na tunashukuru hata leo, maana mapanga yaliwekwa chini. Hata hivyo, wakubwa wawili wakipeana mikono kwenye ngazi za ofisi wanakuwa wamesameheana madeni yao wao. Mama aliyepoteza watoto ndani ya lile kanisa hakuwapo kwenye ngazi zile. Hakuna rais, wala askofu, wala mzee wa kabila, anayeweza kusamehe kwa niaba yake. Mwezi Machi 2015 Rais wa Kenya aliliomba taifa radhi mbele ya Bunge kwa dhuluma zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya walioumizwa. Hilo lilikuwa neno jema, kwa kuwa hesabu ilianza kutajwa hadharani. Lakini miaka kadhaa baadaye waathirika walikuwa bado wanauliza fedha hizo ziko wapi, na swali lao si utovu wa msamaha. Mtoto wa Komunyo ya kwanza anajua kwamba kalamu ya watu hurudishwa.

Rwanda walijaribu njia ngumu zaidi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, magereza yalijaa, na mahakama za kawaida zisingeweza kumaliza kesi zile hata kwa miaka mia. Ndipo wakaichukua desturi ya zamani ya gacaca, watu kukaa majanini na kusuluhishana, wakaifanya mahakama ya kijiji. Hadi ilipofungwa rasmi mwezi Juni 2012, kesi zilizopita humo zilikaribia milioni mbili. Aliyekiri na kueleza yote alipunguziwa adhabu. Haikuwa mahakama kamilifu. Walikuwapo mashahidi wa uongo, na walikuwapo mashahidi wa kweli waliouawa kwa ajili ya ushahidi wao. Pamoja na kasoro hizo, palifanyika jambo ambalo vikao vyetu vya ukoo huliogopa: mtu alisimama mbele ya jirani yake akasema ni nani aliyemuua, saa ngapi, na mwili aliutupa kisima gani. Watu wakaenda kisimani, wakawatoa wapendwa wao, wakawazika. Wapo waliosamehe baada ya hapo, na wapo ambao hawakuweza. Lakini hata hao ambao hawakuweza walikuwa angalau wamepata kaburi la kuweka maua.

Na Kanisa je? Katika mauaji yale watu waliuawa ndani ya makanisa yetu, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye na kwingineko, na miongoni mwa waliotiwa hatiani walikuwamo mapadri na watawa. Kwa miaka mingi jambo hilo lilizungumzwa kwa sauti ya chini, na waliolisema kwa sauti kubwa walionekana kama maadui wa Kanisa. Tarehe 20 Novemba 2016, katika kufunga Mwaka wa Huruma, Maaskofu Katoliki wa Rwanda waliagiza isomwe katika parokia barua ya kuomba radhi kwa Wakristo walioshiriki katika uovu ule. Tarehe 20 Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko, akimpokea Rais wa Rwanda mjini Vatikano, alimwomba tena Mungu msamaha kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za wana wake. Kuna waamini waliosikitika, wakisema Mama Kanisa amejivua nguo hadharani. Sisi tunaona kwamba alifanya kile anachomwagiza kila mmoja wetu akifanye katika kiti cha maungamo. Ingekuwa ajabu kubwa kama Kanisa lingewafundisha watu wote kuungama, lenyewe lisiungame.

Sasa turudi kwa yule mtumishi, maana mfano haukuishia katika huruma ya mfalme. Mnakumbuka kwamba alikuwa akidaiwa talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Pigeni hesabu: ni siku milioni 60 za kazi. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka laki mbili. Bwana alitaja deni lisilolipika, na wasikilizaji wake bila shaka walitabasamu. Lakini mtumishi mwenyewe hakutabasamu. Alianguka chini akaomba avumiliwe, akaahidi kwamba atalipa lote. Kulipa lote! Hapo ndipo tunapoona ugonjwa wake. Hakuomba asamehewe, aliomba muda. Mfalme akampa kitu kikubwa kuliko alichoomba, akamfutia, naye inaelekea hakusikia vizuri. Alitoka pale akidhani ameongezewa siku za kulipa. Mtu aliyeongezewa siku hutoka mbio kukusanya madeni yake, na wa kwanza aliyekutana naye alikuwa mwenzake wa dinari mia.

Na dinari mia, ndugu zetu, si fedha ndogo. Ni ujira wa siku mia, zaidi ya miezi mitatu. Kibarua akiibiwa ujira wa miezi mitatu, watoto wake hulala njaa. Tunalisema hili kwa sababu wahubiri wengi, wakitaka kuonyesha ukubwa wa deni letu kwa Mungu, hulifanya deni la jirani kuwa kitu cha kupuuza, kana kwamba aliyeumizwa analia kwa ajili ya senti tano. Bwana hakusema hivyo. Alichagua kiasi kinachouma. Anajua kwamba ulichonyang'anywa kilikuwa na thamani, na anakuomba ukiachilie akijua hivyo.

Nchi yetu ya Tanzania imewahi kusimama mahali pa mtumishi yule. Katika barua yake ya mwaka 1994 ya maandalizi ya Jubilei Kuu, Yohane Paulo wa Pili aliomba kwamba mwaka 2000 uwe wakati wa kupunguza, au hata kufuta, madeni ya nchi maskini. Makanisa na watu wengi wenye mapenzi mema duniani waliishika hoja hiyo. Novemba 2001 Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia walikubali nchi yetu ipate nafuu ya madeni ya takriban dola bilioni tatu. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka huohuo, na wanafunzi waliokuwa wapata milioni 4.4 mwaka 2000 wakazidi milioni saba mwaka 2004. Baadhi yenu mnaotusikiliza mlijua kusoma kwa sababu ya deni lile lililofutwa, ingawa huenda hamkuwahi kuambiwa.

Basi tazameni sasa mitaani kwetu. Mama mmoja mwuza mboga anakopa shilingi laki moja kwa wale wakopeshaji ambao watu wenyewe wamewaita kausha damu. Riba inapanda juu ya riba, hata deni linaipita biashara yenyewe. Siku aliyoshindwa wanakuja watu watatu na mkokoteni, wanabeba godoro, jiko la gesi na redio, na majirani wanatazama. Kinachotuumiza ni kwamba mara nyingine mmoja wa wale watatu tunamfahamu. Yumo katika kwaya. Hatusemi kwamba mikopo isilipwe, la. Kikundi cha kuweka na kukopa kitakufa kama hakuna anayerejesha, na wanachama wenzake nao ni maskini. Lakini kati ya kudai na kukaba koo kuna nafasi kubwa. Mwenye kikundi aketi na mdaiwa, hesabu ifunguliwe, ionekane alichokopa, alichokwisha kurudisha na riba iliyozidi, kisha waulizane nini kinaweza kuachiliwa. Jumuiya ambazo zimewahi kufanya hivyo zinajua kwamba mara nyingi mtu hulipa upesi zaidi pale alipoachiwa godoro lake.

Wako wengine ambao tumekuwa tukiwafikiria tangu tulipoanza kuandaa maneno haya. Ni wale ambao wamefanya hesabu yote, wanajua kiasi wanachodai, na hawawezi kusamehe. Tunawajua waamini ambao katika Sala ya Bwana, wakifika kwenye ombi la tano, hunyamaza. Midomo hufungwa kwa muda wa pumzi moja, kisha huungana tena na wenzao katika ombi linalofuata. Mmoja wao ni baba ambaye binti yake aligongwa na gari, na dereva hakusimama. Yoshua bin Sira, katika somo la kwanza, anauliza mtu aliyeshika hasira juu ya mwenzake atawezaje kutafuta uponyaji kwa Mungu, na baba huyo analijua swali hilo kuliko sisi. Tungemwambia nini? Si kazi yetu kumwambia kwamba anatenda dhambi kwa kunyamaza. Anakataa tu kumwambia Mungu uongo, nasi tunadhani Mungu anauheshimu ukimya huo. Tunamwomba jambo dogo tu: asiondoke katika benchi. Aendelee kunyamaza pale pale, mahali pake, Dominika hata Dominika. Mwenye kunyamaza mbele ya mfalme bado yumo katika chumba cha hesabu. Na kama siku moja ataweza kulitamka nusu yake, alitamke hiyo nusu, hata kama sauti haisikiki kwa aliyeketi jirani. Mtume Paulo anatuambia leo kwamba tukiishi au tukifa, sisi ni mali ya Bwana; maana yake hata hasira yetu isiyotaka kutulia ina mwenyewe ambaye tunaweza kumpelekea.

Baada ya muda mfupi wengi wenu mtakuwa kanisani. Baada ya Sala ya Bwana padri atawaalika mpeane amani, na mikono itaanza kunyoshwa huku na huku, wengine wakivuka mabenchi matatu ili kumsalimu rafiki. Huenda yumo humohumo mtu ambaye mkono wako haujamfikia kwa miaka. Hatukuagizi umwendee saa ile mbele ya watu. Inawezekana hali yenu bado haijafika hapo, na mkono wa kuigiza hauna faida kwa mtu. Lakini Misa ikiisha, pale nje chini ya mti, watu wakiwa wanatafuta baiskeli zao na akina mama wanafunga watoto mgongoni, kuna dakika kama kumi hivi. Mtafute. Usianze na neno la msamaha. Anza na lile jambo lenyewe lilivyokuwa: shamba lile, fedha zile, maneno yale uliyosikia yamesemwa. Uliza kama naye anakumbuka hivyohivyo. Ikiwa anakumbuka tofauti, msikilize mpaka mwisho. Na kama wewe ndiye uliyekosa, wala yeye hajajua, basi una kazi kubwa zaidi asubuhi ya leo, nasi tutakuwa tukikuombea saa hiyohiyo.

Wagonjwa mlio hospitalini na majumbani, wafungwa mnaotusikiliza kwa redio ya zamu, na ninyi mlio safarini, tunawakumbuka katika Misa yetu. Tunawatakieni nyote Dominika njema.

Tumsifu Yesu Kristo.